Mgeni Aliyetaka Kupiga Simu Kwao

Mwezi huu ukurasa wa familia unapumzika kidogo na mambo ya sabuni, chanjo na vyandarua. Tunataka kuongea sinema. Mzee mmoja ametuuliza kama karatasi zimekuwa nyingi mno hata tunaandika sinema. Mzee wetu, shikamoo, tuvumilie. Jambo hili lilianza na ugomvi, na ugomvi huo umeingia nyumba nyingi.

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja jioni tulifunga shuka jeupe kwenye ukuta wa jengo la vijana, tukawasha jenereta, tukaonyesha filamu ya Kimarekani inayoitwa E.T. Ni ya zamani, ilitoka mwaka 1982. Wengi waliokaa pale kwenye mikeka hawakuwa wamezaliwa, na baadhi ya wazazi wao pia. Kijana wetu mmoja alishika kipaza sauti akawa anatafsiri, kama wanavyofanya kwenye vibanda vya video, na kama kawaida yao akaongeza maneno yake ambayo hayamo kabisa. Watoto walicheka mpaka basi. Sisi tulidhani tumewapa burudani, yamekwisha.

Kumbe hayajaisha. Taa ilipowaka, bibi mmoja alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na mjukuu wake, mtoto aliyezaliwa hapahapa kambini, amekunja uso. "Kwa nini ameenda? Si alikuwa na rafiki huku?" Bibi akamjibu, "Wewe hujui kwao ni nini." Mtoto akasema, "Mimi kwetu ni hapa." Wakaondoka hawasemezani. Siku mbili baadaye, kwenye foleni ya maji, tukakuta wakubwa nao wanabishana hilohilo: yule mgeni alifanya vizuri kuondoka, ama alimwachia mtoto wa watu kidonda? Na kila mtu alijua kwamba hawabishani juu ya sinema.

Kwa wale ambao hawakuiona

Chombo kinashuka usiku msituni, huko California. Viumbe wadogo wanatoka kukusanya mimea, kama wataalamu wa kilimo. Watu wanakuja na magari na tochi, viumbe wanakimbilia chomboni, chombo kinaruka. Mmoja anabaki nyuma. Hakukusudia kuja kuishi duniani. Aliachwa kwenye vurugu, wenzake wanakimbia, yeye miguu mifupi. Hapo tu, pale kwenye mikeka palikuwa kimya. Wangapi kati yetu tunamjua mtu aliyeachwa namna hiyo?

Anapatikana na mvulana wa miaka kumi anayeitwa Elliott, ambaye anamficha kabatini chumbani kwake. Elliott ana kaka mkubwa, Michael, na mdogo wao wa kike, Gertie. Mama anawalea peke yake, baba ameondoka, yuko Mexico na mwanamke mwingine. Watoto wanamlisha mgeni, wanamfundisha maneno mawili matatu, na neno analolishika kuliko yote ni la nyumbani. Anataka kupiga simu kwao. Anajiundia mtambo kwa vitu vya mle ndani: mwavuli, msumeno wa duara, uma, santuri, na mwanasesere wa kielektroniki wa kufundishia watoto tahajia. Mafundi wetu wa redio wa sokoni waliupenda sana mtambo huo, na mmoja anaapa kwamba angeumaliza kwa siku moja.

Kisha mgeni anaugua, na Elliott anaugua naye, maana mioyo yao imeungana. Watu wa serikali wanaifunika nyumba nzima kwa plastiki, wanaingia na mavazi meupe yanayofunika mpaka uso. Watoto wetu walipiga kelele. Wakubwa walinong'ona "Ebola", na kweli mavazi yale yanafanana. Mgeni anakufa, halafu anafufuka, vijana wanamtorosha kwa baiskeli, baiskeli zinapaa, na chombo chake kinarudi kumchukua. Pale mlangoni yeye anamwambia Elliott neno moja, njoo. Elliott naye anamwambia neno moja, kaa. Hakuna anayekubali la mwenzake. Wanakumbatiana, na kila mmoja anabaki na kwao.

Ilitungwa Afrika, na mtu mpweke

Hili wengi hawalijui. Mwaka 1980 mwongozaji wake, Steven Spielberg, alikuwa Tunisia akipiga filamu nyingine, Raiders of the Lost Ark. Amesimulia kwamba kule jangwani, mbali na watu wake, alijisikia mpweke sana, akamkumbuka rafiki wa kufikirika aliyejitungia utotoni. Mwandishi Melissa Mathison naye alikuwa kule, amekuja kwa ajili ya mwigizaji Harrison Ford, ambaye waliona mwaka 1983. Spielberg akamsimulia wazo lake, na yeye akaenda kuliandika. Mathison alifariki mwaka 2015, na watu wengi wanaotaja filamu hii humsahau. Sisi tunamtaja. Yale maneno machache machache ya mgeni yule, ambayo hata mtoto wa miaka mitatu anayaelewa, yalitoka kwenye kalamu yake.

Upweke ule wa Spielberg ulitoka mbali. Wazazi wake walihamahama, kutoka Ohio mpaka New Jersey, kutoka hapo Arizona, kisha California, na kila mara mtoto anaanza upya shule na marafiki. Halafu katika miaka ya 1960 wakaachana. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba E.T. ni filamu juu ya talaka ya wazazi wake, kiumbe wa angani amekuja kujaza nafasi ya baba ambaye hayupo mezani. Kwa miaka mingi alimlaumu baba yake, Arnold, aliyekuwa injinia wa umeme. Baadaye walipatana, na mzee aliishi mpaka mwaka 2020, akafariki akiwa na miaka 103. Mambo ya nyumbani mwao aliyasimulia wazi zaidi katika filamu ya mwaka 2022, The Fabelmans.

Tumekaa sana hapa kwa sababu akina mama kadhaa walitufuata kuhusu yule baba wa Mexico. Kuna mahali kwenye filamu ndugu wawili wanakuta shati la baba gereji, wanalinusa, wanabishana ni manukato gani aliyokuwa anapaka. Hakuna anayelia, hakuna anayetoa hotuba. Mama mmoja alituambia kwamba wanawe wana koti la baba yao, na hakujua mpaka usiku ule kwa nini mkubwa anakataa lifuliwe.

Watu waliokuwa ndani ya ngozi ile

Mgeni mwenyewe alitengenezwa na Mwitaliano, Carlo Rambaldi. Macho na uso wake vilichukuliwa kidogokidogo kwenye picha za wazee maarufu, mmoja wao Albert Einstein, ndiyo maana anaonekana mzee na mtoto kwa pamoja. Sehemu nyingine aliendeshwa kwa nyaya na mitambo. Lakini anapotembea, mara nyingi ndani yake yumo mtu. Walikuwa watatu. Wawili ni watu wazima wenye kimo kifupi sana, Tamara De Treaux na Pat Bilon. Wa tatu ni mvulana, Matthew DeMeritt, aliyezaliwa bila miguu, anayetembea kwa mikono. Ile mwendo ya kuyumba, mnakumbuka pale mgeni amekunywa bia za watu na anajigonga kila mahali? Ni yeye.

Tulipowaambia hivi vijana wa kikundi cha walemavu, mmoja wao alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule mtoto alilipwa. Swali zuri. Ndiyo, ilikuwa kazi yake kama wenzake.

Sauti nayo ina kisa. Fundi wa sauti Ben Burtt alimsikia mama mmoja wa makamo dukani, Pat Welsh, mvuta sigara mkubwa, sauti imekwaruza. Akamwomba aje arekodi. Sauti yake ilichanganywa na za watu wengine na za wanyama. (Wazazi, hatusemi sigara ni nzuri. Tunasimulia tu.)

Elliott alichezwa na Henry Thomas, mtoto wa Texas. Kwenye majaribio aliambiwa ajifanye kwamba watu wa serikali wamekuja kumchukua rafiki yake. Akamkumbuka mbwa wake aliyekufa, akalia machozi ya kweli, na Spielberg akampa kazi palepale. Gertie alichezwa na Drew Barrymore, wa miaka sita, ambaye aliamini kabisa kwamba E.T. ni mzima. Spielberg alipoligundua hilo, akahakikisha mtoto akija kuongea na mgeni, mafundi wawe tayari kumchezesha macho na mikono amjibu. Drew maisha yake ya utoto hayakuwa mepesi, na Spielberg akawa baba yake wa ubatizo. Na filamu ilipigwa karibu kwa mpangilio wa hadithi yenyewe, tofauti na kawaida, ili siku ya kumuaga mgeni iwe kweli mwishoni. Machozi mliyoyaona ya watoto wale hayakuhitaji kitunguu.

Ilivyoingia maishani mwa watu

Filamu iligharimu kama dola milioni 10 na nusu, pesa ndogo kwa Hollywood. Ikaingiza pesa kuliko filamu zote zilizotangulia, hata Star Wars, na ikakaa juu mpaka 1993, ilipopitwa na Jurassic Park, ya Spielberg huyohuyo. Lakini pesa si kipimo pekee, twende kwenye mambo yanayochekesha na yanayouma.

Pipi kwanza. Elliott anamvuta mgeni kwa pipi zilizotupwa njiani. Watengenezaji wa M&M's waliombwa pipi zao zitumike, wakakataa. Kampuni ya Hershey ikakubali zake, Reese's Pieces, na mauzo yakapanda kwa kishindo. Wafanyabiashara wetu wa sokoni, zingatieni. Baiskeli zile ndogo za BMX zilitoka kampuni ya Kijapani, Kuwahara, na watoto wa nchi nyingi wakazililia baba zao. Picha ya baiskeli ikipita mbele ya mwezi ikawa alama ya kampuni ya Spielberg mpaka leo.

Sweden walifanya jambo la ajabu. Walizuia watoto chini ya miaka 11 wasiione, eti kwa sababu wazazi na watu wazima wanaonekana kama maadui wa watoto. Tulilijadili hilo kwenye kamati yetu, na tunakiri hatukuafikiana. Ni kweli, isipokuwa mama, nyuso za watu wazima karibu hazionekani mpaka filamu imefika mbali, unaona viuno, funguo na tochi. Kamera imewekwa kimo cha mtoto. Mwenzetu mmoja alisema watoto wa kambi ndivyo wanavyoona maofisa: mkanda, viatu na karatasi.

Mwezi Septemba 1982 filamu ilionyeshwa kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, na Spielberg akapewa Nishani ya Amani. Nishani hiyo kwa hadithi ya mgeni aliyepotea, anayetafutwa na polisi, anayefichwa na watoto! Wenye kadi za mgao mkononi mtaelewa kwa nini tulitabasamu.

Halafu kuna Howard Scott Warshaw. Huyu alipewa na kampuni ya Atari kazi ya kutengeneza mchezo wa kompyuta wa E.T. kwa majuma kama matano tu, uwahi sikukuu ya Noeli ya 1982. Mchezo ukadoda. Mwaka 1983 Atari walizika shehena ya bidhaa zao kwenye jalala huko Alamogordo, New Mexico, na watu wakaupachika mchezo ule jina la mbovu kuliko yote duniani. Miaka thelathini alibeba jina hilo. Mwezi Aprili 2014 watu walichimba jalala lile, na kopi za mchezo zikatoka kwenye vumbi, yeye akiwepo anaangalia. Wakati huo alikwisha kuacha kompyuta na kuwa mshauri wa watu wenye majeraha ya moyo. Sisi tunaona kisa hicho kingetosha makala yake.

Na bunduki. Filamu ilipotimiza miaka 20, mwaka 2002, Spielberg aliitoa upya, na mle ambamo askari wanawakimbiza watoto wenye baiskeli, bunduki zikafutwa kwa kompyuta na badala yake wakashikishwa redio za mawasiliano. Baadaye akajuta. Mwaka 2023 alisema wazi kwamba hakupaswa kugusa filamu ile. Kopi tuliyonayo ni ile ya kwanza, yenye bunduki. Hapa lazima tuombe radhi. Hatukuwaza. Ilipofika hapo mama mmoja alimziba mwanawe macho, na watoto wawili walitoka. Kwa mtoto wa Marekani bunduki ile ni ya sinema. Hapa kuna watoto wanaoijua kwa mlio. Safari nyingine tutawaambia wazazi mapema, na tutakisimamisha kipande hicho.

Neno moja la Kiingereza

Wanafunzi wa sekondari walituuliza maana ya kichwa cha filamu. Herufi zile mbili ni kifupi cha maneno yanayomaanisha kiumbe wa nje ya dunia. Lakini Kiingereza kina neno jingine kwa viumbe hao, alien, na neno hilohilo ni la kisheria kwa mtu wa nchi nyingine. Ndugu zetu walioko Kenya wanalijua, wameliita hivyohivyo, kadi ya alien, wanaiweka mfukoni wasikamatwe. Kiswahili chetu hakikutenganisha pia: mgeni ni mgeni, awe wa nyumba ya pili au wa nyota ya mbali. Ila kwetu mgeni anapewa kiti na maji kwanza, maswali baadaye. Na siku ya tatu anapewa jembe, msisahau. Kijana mtafsiri alilisema hilo pale E.T. alipofungua friji ya watu, na hapo ndipo bibi yetu alipocheka peke yake usiku ule.

Simu ya kwetu

Sasa turudi kwenye foleni ya maji.

Tuliwauliza watu kumi na kitu, wa rika mbalimbali: neno la kupiga simu kwao linawakumbusha nini? Baba mmoja alisema kupanda kilima cha nyuma ya soko kutafuta mtandao, akifika juu chaji imeisha. Msichana mmoja alisema kubipu. Anabipu, shangazi hapigi, naye hajui kama shangazi hana vocha au hayupo tena. Wengine walikumbuka karatasi za ujumbe za Msalaba Mwekundu, zile za wazi ambazo unaandika habari za familia tu, hakuna siasa, na zinazunguka miezi. Mzee mmoja amezihifadhi zote ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akatuambia, "Hilo ndilo mwavuli wangu na msumeno wangu."

Na watoto? Wengi hawakuwa na wa kumpigia. Hilo ndilo lililotushtua. Sisi wakubwa tunasema kwetu, kwetu, asubuhi na jioni, na mtoto anaangalia mlango huu wa turubai, mpapai huu, rafiki yake wa bloku ya jirani, anajiuliza kwetu ipi. Akisikia habari za kurudi kwenye redio au mkutanoni, mzazi anapata matumaini au hofu. Yeye anasikia kwamba atatenganishwa na rafiki. Yeye ni Elliott. Bibi ni yule mgeni. Na wanalala chini ya paa moja.

Hatuna hukumu juu ya nani arudi na nani abaki. Hayo yana ofisi zake, na kila nyumba ina hesabu zake. Tunachosema ni kwamba katika nyumba nyingi tulizopita, mtoto hakuwahi kuulizwa, na babu au bibi hakuwahi kusimulia kwao ni nini zaidi ya kusema palikuwa pazuri. Pazuri namna gani? Maji mlichota wapi? Nani alikuwa jirani?

Wale mnaotafuta ndugu mliopotezana nao, ulizeni kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanapofika kambini. Mnachohitaji ni majina kamili ya mtu, ya wazazi wake, na mahali mlipoonana mwisho. Watoto wakubwa wanaweza kuwasaidia wazee kuandika.

Kuhusu bibi na mjukuu wake, tulipita kwao juma lililopita kuomba ruhusa ya kuandika haya bila majina. Tulimkuta mtoto amechora chini, kwenye vumbi la mlangoni, kwa kijiti: nyumba, mto, njia inayopinda, miti mitatu. Bibi ameketi kwenye kigoda anamsahihisha. Miti ni minne, alikuwa anasema, na huo wa nne ulikuwa wa baba yako kupandia akikimbia kuogeshwa. Mtoto akachora wa nne. Halafu akauliza kama pale kuna nafasi ya rafiki yake wa bloku ya jirani kuja kulala, na bibi akafikiri kidogo, akachukua kijiti, akaongeza chumba.

Filamu itaonyeshwa tena mwisho wa mwezi, palepale, jua likishazama. Leteni mikeka. Mtafsiri ameombwa apunguze ya kwake.